Cheni bloku, leva bloku, Tirfor au kamalongi: ukiachia mkono, nani anashika mzigo?

Wakuu, kila mara napigiwa simu na mtu anataka kununua kifaa cha kunyanyulia au kuvutia kwa mkono na swali lake la kwanza huwa "nichukue cha tani ngapi?". Mimi namrudisha nyuma. Tani tutafika tu. Kwanza niambie hivi, ukiwa katikati ya kazi na mkono ukaachia, labda jasho limeteleza au nyigu kakuuma au umeshtuka tu, ni kitu gani ndani ya hicho kifaa kinaendelea kuushika mzigo? Ukishalijua jibu la hapo basi uchaguzi umeshafika zaidi ya nusu, maana hivi vifaa vinne kwa mbali vinafanana, vyote vina ndoano mbili na kitu cha kuvuta au kupampu, lakini tumboni kila kimoja kina tabia yake na ndo tabia hiyo inayookoa vidole au inayovikata.

Tuwekane sawa kwenye majina maana kila saiti ina lugha yake. Cheni bloku ni ile ya kuning'iniza juu, ina cheni mbili, moja nene ya mzigo na moja nyembamba ya kuvuta kwa mkono inayozunguka. Leva bloku ni ndogo, ina cheni moja ya mzigo na mpini mfupi wa kupampu huku na huku, wengine wanaiita pulifti. Tirfor ni ile mashine ya boksi la aluminiamu au chuma ambayo kamba ya waya inapita ndani yake inatokea upande wa pili, jina ni la kampuni lakini mafundi wengi wanaita hivyo hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kamalongi ni ile yenye kidrumu kidogo na meno ya racheti (yanayoruhusu drumu izunguke upande mmoja tu) na waya mwembamba, ipo kila duka la hadiwea na ndio rahisi kuliko zote.

Naanza na cheni bloku dhidi ya kamalongi kwenye kunyanyua, kwasababu hapo ndo nimeona watu wakiumia.

Mle ndani ya cheni bloku kuna breki ambayo mzigo wenyewe ndio unaoifunga. Mzigo ukitaka kushuka unaizungusha gia, gia inajikaza kwenye nyuzi kama nati, zile diski za breki zinabanana, basi. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo breki inavyobana. Ili ushuke lazima wewe uvute cheni ya mkono upande wa kushusha, ukiacha kuvuta inasimama hapohapo. Hata ukienda kunywa maji (usiende, lakini hata ukienda) mzigo uko palepale.

Kamalongi haina breki ya hivyo. Kinachoshika mzigo ni kidole kimoja cha chuma kilichoingia kwenye jino moja la racheti, kikisukumwa na springi ndogo ambayo ipo wazi kwa vumbi na kutu. Kuvuta ni rahisi, tatizo lipo kwenye kushusha. Kushusha inabidi uuvute mpini, uuchukue mzigo wote mkononi mwako, ufungue kidole, ushushe jino moja, kidole kirudi, halafu jino lingine. Ukikosea hata mara moja kidole kisiporudi, mpini unageuka kwa nguvu yote ya mzigo na wewe uso wako uko njiani. Nilishakuwa kwenye gereji moja kijana anashusha giaboksi ya lori kwa kamalongi, mpini ukamchomoka ukampiga taya, meno mawili yakatoka na giaboksi ikaanguka pembeni ya mguu wa mwenzake. Mwenye gereji siku zote alikuwa anasema cheni bloku ni ghali. Mimi nilikuwa nimesimama mita tatu, niliona jinsi alivyoshika mpini na sikusema kitu kwasababu nilikuwa mgeni pale, hiyo bado inaniuma mpaka leo.

Soma hata kibao chake, kamalongi nyingi zimeandikwa kabisa zisitumike kunyanyua, ni za kuvuta tu. Na zile tani zilizoandikwa mara nyingi ni kwa waya uliokunjwa mara mbili kupitia puli yake, yani ukiitumia kwa waya mmoja mnyoofu nguvu yake halali inashuka mpaka nusu. Mtu kanunua ya "tani 2", anatumia waya mmoja, kumbe ana tani moja mkononi na hajui. Kwa kukaza waya wa fensi, kuvuta nguzo ya mti ikae sawa wakati unapiga misumari, kuvuta kitu kwenye sakafu tambarare, kamalongi inafaa, sina ugomvi nayo. Kuning'iniza kitu juu ya miguu ya mtu hapana.

Sasa kati ya cheni bloku na leva bloku, hapa watu wanachanganya sana kwasababu zote zina cheni na zote zina breki ya aina ileile ya kujikaza. Tofauti ni mwelekeo na umbali. Cheni bloku imetengenezwa ining'inie wima. Inyanyue kwenda juu na kushuka chini kwa mstari ulionyooka, urefu wa kawaida mita 2.5 au 3 na unaweza kuagiza zaidi. Ukiivuta pembeni cheni inapanda vibaya kwenye gurudumu lake, ndoano ya juu inapinda, na ile cheni ya mkono inaruka kwenye njia yake. Leva bloku yenyewe unaifunga vyovyote, wima, ulalo, kichwa chini, lakini cheni yake ya kawaida ni fupi kama mita 1.5 na wewe lazima uwe karibu nayo kabisa, mkono kwenye mpini. Huo ukaribu ndo bei unayolipa. Kwenye cheni bloku unaweza kusimama pembeni mbali na mzigo ukavuta, kwenye leva bloku kama unanyanyua kitu mara nyingi unajikuta mwili wako uko pale ambapo kitu kikianguka kitapita.

Kwahiyo kunyanyua injini, motor, pampu, vali kubwa, nachukua cheni bloku. Kusogeza, kukaza, kuvuta flenji mbili (zile sahani za kuungia mabomba) zikutane, kuushika mzigo usibembee, kukaza waya wa stei unaoshikilia nguzo isilale, leva bloku.

Leva bloku ina kitu kimoja lazima ukijue kabla hujainunua. Ina kitufe au gurudumu la kuachia cheni itembee bure ili uifikishe haraka kwenye mzigo. Hiyo ni kwa cheni isiyo na mzigo tu. Na breki yake inahitaji mzigo ili ibane, mzigo ukiwa mwepesi mno au ukiwa unatikisika tikisika, mara umekaza mara umelegea, breki inaweza kulegea nayo. Ndiyo maana mimi siachi waya umekazwa na leva bloku usiku kucha, nafunga stei ya kudumu au namalizia klampu siku hiyohiyo. Alafu kinyume chake pia kipo, ukiikaza sana halafu mzigo ukaondolewa kwa njia nyingine bila kuishusha kwa mpini, breki inaganda, watu wanaanza kuigonga nyundo wakidhani imekufa. Mzigo uondoke kwa kushushwa na kifaa chenyewe.

Tabia ya kuongezea paipu kwenye mpini, naomba mnisikilize. Mpini wa leva bloku umefanywa mfupi makusudi, kwa nguvu ya mtu mmoja unafika kwenye uzito wa kifaa basi. Ukivalisha paipu ya mita moja unavuta mara mbili mara tatu ya uwezo na hakuna kitu kitakachokuambia, mpaka ndoano ifunguke. Cheni bloku nayo ni hivyohivyo, mtu mmoja anavuta kila kitu kilicho ndani ya uwezo wake, mkianza kuning'inia wawili kwenye cheni ya mkono mjue mzigo umezidi au umenasa mahali. Simameni muangalie.

Haya, Tirfor. Hii ni mashine ninayoipenda na nitajitahidi nisipendelee. Ndani ina jozi mbili za taya zinazoubana waya kwa zamu, moja inavuta nyingine inashika, kama mtu anavyovuta kamba ya ndoo kisimani, mkono huu kisha huu. Mzigo ukiongezeka taya zinabana zaidi. Na kwasababu waya haujizungushi kwenye drumu, unapita tu, urefu hauna mwisho, waya wa mita 20 au mita 100 mashine ni ileile. Zinakuja za kilo 800, tani 1.6 na tani 3.2. Ina mpini wa mbele wa kuvuta, mpini wa nyuma wa kushusha, na leva ya kufungua taya ili uingize waya. Hiyo ya tatu haiguswi kukiwa na mzigo, kamwe. Na mipini miwili haipampwi kwa pamoja.

Kitu kinachoitofautisha na zile nyingine ni pini za usalama kwenye mpini wa kuvuta. Ukizidisha mzigo pini zinakatika, mpini unakuwa mlegevu, lakini mzigo unabaki umeshikwa na bado unaweza kuushusha kwa mpini wa nyuma. Yani mashine inakuambia kwa lugha ya chuma kwamba umezidisha. Halafu anakuja fundi anatia msumari au biti ya drili mahali pa pini ili "isisumbue". Hapo umeua kitu pekee kilichokuwa kinakuonya, kinachofuata kukatika ni waya. Nunua pini za spea za mashine yako, weka boksi zima kwenye gari.

Ubaya wa Tirfor upo. Ni nzito, inakwenda sentimita chache tu kila ukipampu kwahiyo kuvuta mita 30 ni jasho la nusu siku, na haikubali waya wowote. Inataka waya wake maalum wa kipenyo chake, karibu milimita 8.3 kwa ile ndogo, 11.5 kwa ya tani 1.6 na 16.3 kwa kubwa, kwasababu taya zinauminya na waya wa kawaida unabonyea au unateleza. Waya ukipata kifundo umekwisha, ile sehemu haitapita tena. Na kwenye mafuta ni kinyume kabisa na cheni bloku, hapa watu wengi wanakosea. Tirfor inataka mafuta, iogeshe kwa petroli au mafuta ya taa, ikauke, mimina oili nzito safi ndani, haitateleza kwasababu ya oili, ila usitie ile yenye grafaiti au molibdenamu. Cheni bloku na leva bloku unapaka oili kwenye cheni ya mzigo tu na kidogo, diski za breki zikilowa mafuta umeitengeneza mashine ya kuangusha mizigo.

Kwenye gari lililokwama tope au kung'oa kisiki, Tirfor na sio kitu kingine. Leva bloku ina cheni fupi, kila mita moja na nusu unafunga upya, na kamalongi kwa gari zito kwenye tope ni kucheza na waya mwembamba, maana gari lililozama mpaka mhimili linaweza kukudai nguvu inayokaribia au hata kupita uzito wake lenyewe. Ukitia puli na kuurudisha waya unaongeza nguvu karibu mara mbili, safi, ila kumbuka puli ile na mti au nguzo uliyoifungia inabeba zile pande mbili za waya kwa pamoja. Tirfor ya tani 1.6 ikivuta mpaka mwisho, puli inabeba 3.2. Sheko (pingu ya chuma ya kuungia) na slingi (mkanda au waya wa kufungia mzigo) za hapo zichaguliwe kwa hiyo 3.2. Tandika turubai zito au koti katikati ya waya, toa watu wote kwenye mstari wa waya na ndani ya ile kona waya unapokunja, waya ukikatika unarudi kama mjeledi na hausubiri mtu akimbie.

Kutoa pampu kisimani ni mfano mzuri wa kulinganisha kwasababu vifaa viwili vinafaa na kila kimoja kina gharama yake. Bomba la chuma la inchi 2 lina kama kilo 5 kwa mita, na vali ya chini ikiwa imeshikilia maji ongeza lita 2 na zaidi kidogo kwa mita. Kisima cha mita 60 unazungumzia kilo 420 mpaka 430 kabla hujahesabu pampu na kebo na tope lililoganda. Cheni bloku ya tani 1 kwenye stendi imara ya miguu mitatu inatosha, kinachokupa kazi ni kwamba cheni ni mita 3 na bomba ni mita 6, kwahiyo unanyanyua nusu, unafunga klampu mdomoni mwa kisima, unashusha ndoano, unashika upya. Polepole lakini mzigo unashikwa na breki muda wote. Ukitumia Tirfor ukaifunga chini na puli juu ya miguu mitatu, unanyanyua bomba zima kwa mkupuo, lakini kichwa cha miguu mitatu sasa kinabeba mzigo pamoja na mvuto wa Tirfor, zile kilo 420 zinakuwa 840 pale juu. Miguu ya mabomba ya kuokoteza ambayo ilivumilia cheni bloku inaweza isivumilie hapa. Mimi kwa kisima cha kawaida nabaki na cheni bloku.

Kwenye kebo za umeme za ardhini ugomvi unageuka, hapo hatari ni kifaa kuwa na nguvu kupita kazi. Kanuni inayotumika sana ukivuta kwa kushika kondakta zenyewe (nyaya za ndani zinazopitisha umeme) ni niutoni 50 kwa kila milimita ya mraba ya kopa na 30 kwa aluminiamu. Piga hesabu, kebo ya kopa ya kondakta nne za milimita 95 ni 380 mara 50, unapata niutoni 19,000, karibu tani 1.9. Ikiwa aluminiamu ni 11,400, kama tani 1.1 na kidogo. Na kebo ndogo ya aluminiamu ya nne mara 25 ni niutoni 3,000 tu, kilo 300 hivi. Sasa ile Tirfor ndogo niliyoitaja ni ya kilo 800. Kebo itanyooka, insulesheni itajeruhiwa ndani, nje hutaona kitu, utaizika, na baada ya muda itapasuka mtu mwingine achimbe. Kwa kebo ndogo mikono ya watu na rola chini inatosha. Kwa kubwa weka mizani ya kuning'inia katikati ya kifaa na kebo usome nguvu wakati unavuta, na ukitumia soksi ya waya kushika ganda la nje fuata karatasi ya mtengenezaji wa kebo maana ganda halivumilii kama kondakta.

Waya za juu, leva bloku na klampu sahihi ya kushika waya, laini imezimwa na imefungwa athi (imeunganishwa na ardhi) pande zote mbili za kazi. Cheni ni chuma, inapitisha umeme kama waya wenyewe.

Winchi ya mkono ya drumu sitakaa nayo sana. Zipo za aina mbili na kwa macho zinafanana, yenye breki ya kujifunga yenyewe na yenye racheti tu kama zile za kwenye trela za boti. Uliza, na ujaribu kabla hujalipa. Ya racheti isinyanyue. Na acha mizunguko mitatu angalau ya waya kwenye drumu hata ukifika mwisho.

Tani sasa. Mzigo wako jumlisha ndoano, slingi, mafuta yaliyobaki ndani ya injini, kila kitu, halafu kwenye tani usiende ukingoni. Injini ya lori ya silinda 6 inaweza kukaribia tani 1, mimi nachukua cheni bloku ya tani 2. Halafu slingi za miguu miwili, watu wanadhani tani 1 ikigawanywa kwa mbili kila mguu unabeba nusu. Hiyo ni kama miguu iko wima. Ikiwa nyuzi 45 kutoka kwenye ulalo kila mguu unabeba kilo 707, ikilala mpaka nyuzi 30 kila mguu unabeba tani 1 nzima. Cheni bloku iko salama kabisa na slingi inakatika.

Mkienda Kariakoo kununua au mkinunua ya mkononi, angalia ndoano kwanza. Mdomo ukiwa umefunguka zaidi ya ulivyotoka kiwandani, au imejipinda upande, iliwahi kuzidishiwa, hairudi, na usikubali ndoano iliyochomelewa. Kile kifungio cha ndoano kiwepo na kirudi chenyewe. Cheni ya mzigo pima urefu wa macho (pete za cheni) kumi na moja, linganisha na sehemu ya cheni ambayo huwa haitumiki, ikiwa imerefuka asilimia 3 itupe, na jicho lililolika asilimia 10 ya unene wake pia. Kwenye cheni bloku za njia mbili, yani cheni ya mzigo inashuka kwenye ndoano ya chini na kurudi juu, angalia ndoano ya chini haijapinduka kupitia kati ya cheni, inafanya cheni isokotwe na inaonekana ya kawaida tu mpaka inakatika. Kibao cha uwezo kisiposomeka, usinunue. Kama ni kampuni, Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Kenya wana yao ya 2007, vifaa vya kunyanyulia vinatakiwa vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa na karatasi iwepo, na fomeni asikuambie "hiki ni cha mkono tu hakihitaji". Kinahitaji.

Ukiniuliza una hela ya kimoja tu, gereji na kisima nakuambia cheni bloku ya tani 2, fundi wa umeme na mabomba leva bloku ya tani 1.5, mtu wa shamba na barabara mbovu Tirfor ya tani 1.6 na waya mita 20. Yoyote kati ya hizo, ukifika nayo tia mzigo unaoujua uzito wake, hata pipa la lita 200 lenye maji ambalo ni kilo mia mbili na kitu, linyanyue sentimita 10 kutoka chini, achia mikono yote miwili, piga chaki alama, kaa pembeni dakika kumi uangalie. Likishuka hata unene wa kidole irudishe dukani siku hiyohiyo.